Cherehani ya Mustapha na Kaptula za Serikali

Jumatatu, 3 Juni 1957

Baridi. Upepo umetia vumbi hadi kwenye chai. Hata hivyo leo ni siku kubwa. Nimeamua kuwa kiongozi.

Sababu ni Gideoni, tarishi wa Boma, ofisi ya Bwana DC, mkuu wa wilaya. Alikuja asubuhi barazani kwa tajiri wetu Nizar, tunaposhona, apimwe kaptula mpya ya gwaride la kuzaliwa kwa Malkia. Kazi ya tarishi ni kupeleka barua, lakini huyu hutembea kama ndiye aliyeziandika. Bila kuulizwa akatuarifu kwamba chama cha watumishi wa Serikali kimefungua tawi hapa Dodoma. Kina chumba. Kina meza, na kiti chenye mikono. Hakina katibu, kwa kuwa katibu wao amehamishiwa Singida.

Kiti chenye mikono. Mimi miaka yote nimekalia stuli.

Nikauliza mtu hufanyaje ili awe katibu. Akasema sharti la kwanza ni kuwa mtumishi wa Serikali. Kisha akainua mikono nimpime kiuno, akitazama juu ya kichwa changu.

Nimewaza mchana kutwa. Nashona nguo za nani? Za Serikali. Kaki ya nani? Ya Serikali. Nizar ndiye anayenilipa, sawa, lakini Nizar analipwa na nani? Kwa hiyo mimi ni mtumishi wa Serikali, ila nimepitia dukani.

Nilimweleza mke wangu Sikudhani. Akasema kwa hesabu hiyo hata kuku wetu ni mtumishi wa Serikali, maana mayai yake hununuliwa na mpishi wa Bwana DC. Mwanamke huyu angesomeshwa angeharibu mambo mengi.

Jambo jingine jema: bado niko kwenye cherehani ya Mustapha. Yangu ilivunjika, Mustapha naye ana homa, Nizar akanihamishia kwake. Inakwenda kama maji. Iko karibu na ngazi, mwanga wote unaingia hapo. Mungu amponye mzee wa watu. Bila haraka.

Jumanne, 4 Juni

Nilivaa kanzu, nikaenda Boma saa ya chakula. Nikamweleza karani mkuu kwamba mimi ni mtumishi ambaye jina lake limesahauliwa. Akaniuliza idara. Nikasema kaptula. Akaniomba niseme tena, lakini ningoje kwanza awaite wenzake wawili. Wakaja. Nikasema tena. Wakacheka mpaka mmoja akamwaga wino.

Gideoni alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alinisindikiza nje kwa adabu, akanieleza kwamba chama chao hakiwezi kupokea watu wa maduka. Siku watakayofanya hivyo, Serikali itasema huo si umoja wa watumishi tena, ni fujo ya mjini, na chumba kitafungwa.

“Ndugu Hamidi,” alisema, “ninyi tajiri wenu mnamwona kwa macho kila asubuhi. Wetu sisi ni karatasi tu. Mambo haya hayachanganyiki.”

Akanielekeza kwenye chama cha wafanyakazi wa maduka na viwanda, kinachokutana nyuma ya mashine ya kukamua karanga. Nikauliza kama kina kiti. Akasema kina gogo.

Jioni nikaenda. Walikuwapo watu wa mashine ya karanga, wapishi wa hoteli na mafundi wenzangu, Msafiri miongoni mwao. Walihitaji mtu anayeweza kuandika. Wakasema anayemtaka Hamidi ainue mkono. Mimi niliinua yote miwili. Nimekuwa katibu.

Sasa mpango ni huu. Nitawaalika watumishi wa Serikali kwenye mjadala wa hadhara: nani anahitaji chama zaidi, mtu wa Serikali au mtu wa kampuni? Nitamshinda Gideoni mbele ya mji mzima. Baada ya hapo wenyewe watanibembeleza nikae kwenye kile kiti.

Jumatano, 5 Juni

Mustapha amepona.

Alipanda ngazi za baraza asubuhi, amekonda, koti limemvaa yeye badala ya yeye kulivaa. Akatusalimia mmoja mmoja. Nizar akatoka, akampa pole, kisha akamwambia hana cherehani ya kumpa. Ile nyingine mbovu, hii ina mtu, na kaptula zinatakiwa kabla ya gwaride. Akapumzike nyumbani, ataitwa kazi zikiongezeka.

Mustapha alinitazama. Mimi nikatazama mshono. Ulikuwa mshono mgumu sana.

Hakugomba. Alishuka ngazi taratibu, ameshika nguzo. Msafiri akaacha kukanyaga cherehani yake, akamwangalia mpaka alipopinda kona ya duka la Vithaldas. Tangu hapo Msafiri hajanisemesha. Ni kijana wa hasira, sijui ana nini.

Nyumbani Sikudhani aliniuliza kama Mustapha amerudi kazini. Nikasema bado mdhaifu. Kumbe mchana alikutana na mke wa Mustapha bombani, akasikia yote. Akanitengea ugali wa uwele na mlenda, akaenda kulala. Mlenda haukuwa na chumvi. Sikuthubutu kuuliza.

Ijumaa, 7 Juni

Gideoni amekubali mjadala! Kesho alasiri, ukumbi wa welfea, ule wa ustawi wa jamii. Akasema ni jambo jema watu wakielimishana. Hajui kinachomngoja.

Baada ya swala nilijizoeza kuhutubia uani. Stara, binti yangu, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama Mzee Mustapha naye ni mtu wa kampuni. Nikamwambia akachote maji.

Jumamosi, 8 Juni

Ukumbi ulijaa. Matarishi, madresa wanaofunga vidonda hospitali, na vibarua wa barabara upande mmoja. Mashine ya karanga, hoteli na mafundi upande wa pili. Nizar naye alikuja na mkewe Nargis, wakakaa nyuma kabisa. Nargis alikuwa anafuma sweta.

Nilianza mimi. Nasema kweli, nilisema vizuri. Nikasema mtu wa Serikali ana likizo, ana pensheni, ana nyumba yenye bati. Serikali haifilisiki. Haiamki siku moja ikafunga duka na kwenda kwa shemeji yake Tabora. Sisi tajiri akichukia, kesho uko njiani. Kwa hiyo mwenye haja ya chama ni mtu wa kampuni, na mtumishi wa Serikali anayeunda chama ni sawa na mtu aliyeshiba anayepanga foleni ya pilau.

Wakapiga makofi. Hata madresa wawili walipiga, wakanyamaza walipotazamwa.

Gideoni akasimama. Hana sauti kubwa, watu ikabidi wanyamaze. Alisema ninyi mkigoma, tajiri anaumia, na kwa kuwa anaumia anawasikiliza. Sisi tukigoma nani anaumia? Mgonjwa aliyelala hospitali. Mama anayengoja barua ya mwanawe aliyeko mkongeni. Wala hao si matajiri wetu. Nao ndio wanaolipa kodi inayotulipa sisi, na sisi wenyewe tunailipa, kwa hiyo tunajigomea. Zaidi ya hayo sheria inatubana. Ndiyo maana tunahitaji chama, kitusemee kule ambako sisi hatuwezi kupaza sauti.

Makofi tena. Mengi kuliko yangu, nadhani kwa sababu upande wao ulikuwa na benchi nyingi.

Nilikuwa najiandaa kumjibu, mkono ukainuka katikati. Mustapha. Alisimama kwa kushika bega la mtu wa mbele.

“Mimi vyama sivijui,” alisema. “Najua kitu kimoja. Mwezi wa tatu Gideoni aliugua homa. Alipopona alirudi Boma akaikuta kazi yake. Mimi nimeugua homa hiyohiyo. Nimerudi, nimekuta mtu kwenye cherehani yangu. Nielezeni, homa yake na yangu zina tofauti gani?”

Mtu wa mashine ya karanga akauliza kwa ukali ni nani huyo aliyekalia cherehani ya mgonjwa. Atajwe, chama kimshughulikie. Katibu aandike jina lake.

Nikashika kalamu. Mustapha hakunitaja. Lakini Msafiri alikuwa ananitazama, mafundi wote wakanitazama, ikawa kama upepo, kichwa kimoja kikigeuka na kingine kinafuata, mpaka ukumbi mzima ukawa unanitazama mimi na kalamu yangu.

Gideoni angeweza kunimaliza pale. Badala yake alimjibu Mustapha. Alisema likizo ya ugonjwa hakuikuta imeanguka njiani. Matarishi waliomtangulia waliiomba miaka mingi, wengine walistaafu bila kuiona. “Tofauti si homa, mzee,” alisema. “Sisi walikuwapo wa kutuombea. Wewe bado.”

Mkutano ukafungwa. Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma ya stesheni.

Jumapili, 9 Juni

Sikutoka. Nilisema naumwa kichwa. Sikudhani akasema basi nijihadhari, nisije nikakuta mtu kwenye mkeka wangu.

Jioni alikuja kukaa karibu nami. Hakugomba. Alisema, “Baba Stara, inuka kwenye stuli ya mwenzio. Hutakufa.”

Nimefikiri sana. Nikiinuka, sina cherehani. Nisipoinuka, sina chama. Kisha likanijia wazo, langu mwenyewe kabisa: sitainuka kwa aibu. Nitainuka kwa mgomo. Ni kitendo kilekile cha kuinuka, lakini heshima yake ni nyingine.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeinuka.

Nilipofika barazani sikukaa. Nikamwambia Nizar kwamba cherehani hii ni ya Mustapha, na mimi sishoni juu yake mpaka yeye arudishwe. Nizar akasema vizuri, kuna mafundi wengine. Hapo Msafiri akatoa mguu kwenye kanyagio. Kisha yule aliye karibu naye. Kisha wote. Sikuwa nimewaambia. Tulikaa kwenye ngazi, mikono kwapani, tukitazama watu wa Uhindini wakipita.

Nizar si mtu mbaya. Alitoka mara tatu kuzungumza nasi. Alisema kazi hii ya kaptula aliipata kwa shida, na Vithaldas wa ng'ambo ya barabara anaililia. Asipozipeleka kwa wakati, Boma itamnyang'anya, na sote tutakula vumbi, yeye wa kwanza. Serikali inaweza kumngoja mgonjwa, akasema, kwa sababu mfuko wake hauna mwisho. Wa Nizar una mwisho, na yeye anauona.

Maneno haya yaliniingia. Nilitaka kumpongeza, nikakumbuka niko kwenye mgomo.

Mchana Gideoni alipita na mkoba wa barua. Alitusalimia kila mmoja kwa jina. Akasema matarishi wanatutakia heri, lakini hawawezi kugoma pamoja nasi, kazi yao haiwaruhusu. Nikamwambia hata hatukuwaomba. Msafiri alinikanyaga mguu.

Bi Nargis alituletea chai, akampelekea na Mustapha, ambaye alikuwa amekuja kukaa ngazi ya chini kabisa. Sijui yuko upande gani.

Jumanne, 11 Juni

Pigo. Nizar ameleta fundi kutoka Ihumwa.

Amekaa kwenye cherehani ya Mustapha, anashona kwa nguvu za ajabu. Kazi yake ya siku zote ni magunia ya karanga. Hajui kola wala pindo, ila anajua kasi. Kufika alasiri rundo la kaptula limefika kiunoni. Nizar anasugua mikono. Vithaldas amesimama mlangoni kwake, uso umemshuka.

Wenzetu wawili wameanza kunong'ona kuhusu kurudi. Mmoja mkewe amejifungua juzi. Nikawaambia wavumilie, nina mpango. Sina mpango. Mustapha alisikia, akaja juu, akawaambia anayetaka kurudi arudi, yeye hatamwekea kinyongo, ana watoto. Hakurudi mtu.

Mimi nilikwenda kwa Vithaldas kwa siri kumwuliza kama anahitaji fundi, endapo mambo yatakwenda kombo. Akasema hawezi kuajiri wagomaji. Nimeamua kwamba safari hiyo haikutokea.

Jumatano, 12 Juni

Siku gani hii!

Asubuhi Nizar alipeleka kaptula Boma kwa mkokoteni. Muda si mrefu matarishi wote walitokea Uhindini kwa mstari, Gideoni mbele. Wamevaa mashati yao mapya na kofia nyekundu, beji zinang'aa. Chini wamevaa vikoi. Kila mmoja amebeba kaptula mkononi.

Gideoni akaisimamisha ya kwake barazani. Ikasimama. Yenyewe, bila mtu ndani. Yule wa Ihumwa alitumia uzi wa magunia. Mguu mmoja ungeingia nguzo, mwingine usingeingia mkono, na moja ilishonwa ikazibwa chini kabisa, kama gunia linalongoja karanga.

Nizar aliuliza kama matarishi nao wamegoma.

“Hapana, Bwana Nizar,” Gideoni alisema. “Sisi ni watumishi wa Serikali, hatugomi. Hatuna kaptula tu.”

Akaeleza kwamba karani mkuu amekwisha kumwuliza yeye, tarishi, duka gani lipewe kazi hii mwakani. Yeye amejibu kwamba mafundi wa Nizar ndio wanaojua viuno vya matarishi, ila kwa sasa wamekaa kwenye ngazi. Na gwaride ni kesho.

Nizar akakaa kwenye rundo la kaki. Nilifungua mdomo nitoe hotuba. Bi Nargis akanitangulia. Alitoka dukani na sweta lake mkononi, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba baba yake naye alianza kazi kwa kushona kwenye baraza la mtu. Akaugua. Akakuta mtu mahali pake. Hakuwahi kumsamehe yule tajiri mpaka anakufa. Kisha akamwambia mumewe kitu kwa Kigujarati, kifupi.

Nizar akatuita. Mapatano yalichukua muda mdogo kuliko kumpima Gideoni kiuno. Mustapha arudi kwenye cherehani yake leo. Ile mbovu itengenezwe, niirudie mimi. Na tangu sasa, fundi akiugua, mahali pake patamngoja. Atakayeshikilia atakuwa ameshikilia tu. Nizar aliomba jambo moja: kazi ikiwa ya haraka tumwambie mapema nani anaumwa, asije akashtukia ngazi tupu. Tukaona ni haki.

Mustapha akakaa. Akapuliza vumbi, akapitisha kidole kwenye sindano, akasema imelegezwa. Alisema hivyo bila kunitazama. Kisha akanisogezea kaptula, nifumue uzi wa magunia.

Tumeshona mpaka taa zikawashwa. Matarishi hawakuondoka. Walikaa barazani na vikoi vyao, wakafumua nyuzi, wakashona vifungo. Gideoni anashona kifungo kama anayeandika barua kwa askofu. Yule wa Ihumwa naye alibaki. Kumbe ni mtu mwema, hakuambiwa kuna mgomo. Msafiri amemwonyesha pindo. Ameuliza chama kinakutana wapi.

Alhamisi, 13 Juni

Gwaride lilipendeza. Matarishi walipita mbele ya Bwana DC, kaptula zimenyooka, mikunjo kama kisu. Watu walitazama bendera. Mimi nilitazama mishono. Mmoja tu ulikuwa umepinda, na huo ulikuwa wangu.

Mustapha alikuja na wajukuu. Alinipa mkono. Akasema, “Uliinuka, Hamidi. Ulichelewa, lakini uliinuka.” Nikamnunulia mtoto mmoja kashata.

Jioni vyama vyote viwili vilikutana nyuma ya mashine ya karanga. Hakuna aliyeshindana. Gideoni alisema tusiviunganishe, mabwana zetu ni wawili na sheria zetu ni mbili. Lakini tukutane kila mwezi, kila upande ujue mwenzake amepata nini, ili na yeye akaombe. Mashine ya karanga wanataka likizo ya ugonjwa sasa. Hoteli pia. Watu wa barabara, ambao ni vibarua wa Serikali, wakasema kumbe hata wao hawana! Tuliimba tukienda nyumbani. Mji huu una baridi, lakini leo sikuisikia.

Mustapha wamemfanya mwenyekiti. Mimi nimebaki katibu, kwa kuwa wengine hawapendi kuandika.

Ijumaa, 14 Juni

Nimetafakari mambo yote kwa utulivu. Ni wazi sasa kwamba kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga. Bila mimi kukalia cherehani ile, Mustapha asingekuwa na malalamiko. Bila malalamiko, mgomo usingekuwapo. Nilimweleza Sikudhani. Alicheka mpaka akashika ukuta. Furaha hiyo, nadhani.

Lakini mtu asibweteke. Jana kwenye gwaride nilisimama karibu na wapishi na maseremala wa misheni ya Buigiri, nikapata fikra iliyoninyima usingizi. Watu hawa si wa Serikali. Wala si wa kampuni. Tajiri wao haonekani kwa macho, wala si karatasi. Nani anawasemea? Hakuna! Chama cha tatu, kizima, na hakina katibu. Na misheni wana viti vizuri.

Sikudhani ameuliza kama wameniomba. Nimesema bado hawajajua kwamba wananihitaji. Akauliza nitakwendaje Buigiri siku ya kazi, na Nizar ana oda ya mashati ya shule.

Hilo nimelipanga vyema. Jumatatu nitaugua. Homa, nadhani, siku mbili hivi. Makubaliano yanasema cherehani itaningoja, na Nizar ameomba aambiwe mapema, nami ni mtu wa kuheshimu makubaliano.

Nimeanza kukohoa tangu leo, ili kesho nimwarifu.